Mikono Niliyoondoka Nayo Sumbawanga

Basi lilipoiacha Tunduma, abiria wote walianza kuvaa makoti isipokuwa mimi. Hakuna aliyewaambia. Mama aliyekaa mbele yangu alifungua begi, akatoa sweta mbili, moja akamvisha mtoto na nyingine akaivaa mwenyewe, kisha akageuka akalitazama shati langu la mikono mifupi.

"Baba, unashukia wapi?"

"Sumbawanga."

"Una mwenyeji?"

"Ninaye."

"Na huyo mwenyeji hakukwambia habari za baridi?"

Nilimjibu kwamba aliniambia habari za kazi tu. Alicheka, akanyoosha mkono akanifungia dirisha.

Nilikuwa nimetoka Korogwe, nikalala Dar es Salaam kwa binamu yangu, nikalala tena Mbeya katika gesti iliyokuwa na blanketi moja jembamba. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa. Nje ya dirisha miti ilizidi kupungua hadi ikabaki nyasi, vilima vya mviringo na barabara iliyonyooka, na upepo unaolaza majani yote upande mmoja. Nilikuwa nimezoea nchi yenye mikonge na minazi, ambako jicho halifiki mbali. Hapa jicho lilikwenda tu, na halikukuta pa kupumzika.

Dada yangu alikuwa amenipigia simu nikiwa Mbeya.

"Sumbawanga? Katika miji yote ya nchi hii?"

"Kazi iko huko, dada."

"Usile kwa watu. Usiache nguo kwenye kamba jua likizama. Usimwazime mtu kitana chako."

"Sina nywele."

"Basi usimwazime mtu chochote."

Kila Mtanzania anaujua mzaha huo. Ukisema unakwenda Sumbawanga, watu wanakuuliza kama utarudi kwa basi au kwa ungo. Nilicheka na dada, lakini nilipokata simu nikajikuta nimelivuta begi karibu zaidi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazijanisaidia popote, nikajifunza kazi katika karakana ya mjomba, na tangu hapo ufundi umekuwa nauli yangu. Nimefanya kazi Morogoro, Ifakara, Dar es Salaam na Makambako. Popote penye mlango usiofungika au mkokoteni uliovunjika, nitakula. Sikuwahi kununua shamba wala kujenga. Nilikuwa na mikono hii miwili, na niliiamini kuliko kitu kingine chochote.

Bosi wangu mpya alikuwa Mfipa wa rika langu, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Karakana yake ilikuwa banda la mabati pembeni mwa barabara, si mbali na mtaa wa Chanji, wazi upande wa mashariki, na upepo wa Ufipa unajua sana kuingia. Siku ya kwanza alinikuta nimejikunyata kando ya mashine, mikono nimeibana kwapani.

"Mtanga! Chuma hakichomelewi kwa kwapa."

Akaingia ofisini akatoka na glavu za ngozi ya ng'ombe, nene, za kijivu, ndefu karibu kufika kwenye kiwiko. Huko nilikotoka nilizoea kuchomelea mikono mitupu au nimefunga kitambaa, maana joto la pwani na glavu haviendani. Hapa nilizivaa nikahisi kama nimeingia kitandani. Tangu siku ile sikuzivua. Nilizivaa nikichomelea, nikinywa chai, nikiendesha baiskeli asubuhi umande ukiwa bado mweupe kwenye nyasi. Hakuna Mfipa angefanya hivyo. Wao baridi wanaiwekea sweta na koti, glavu ni za kazi. Nilikuwa kituko.

"Leo umelala nazo?" bosi aliniuliza.

"Ningekuwa na mke ningezivua."

"Huna mke kwa sababu unazo."

Nilipanga chumba Chanji, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akishona sare za shule kwenye baraza, kwa cherehani ya kukanyaga. Alinipokea kama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka shule. Jioni nilikuta ugali wa ulezi na maharage, au migebuka kutoka ziwani, na nilikula nikiyakumbuka maneno ya dada kwa matonge mawili tu ya mwanzo. Nikishamaliza, mama yule aliziokota glavu zangu mlangoni, zikiwa zimelowa jasho na umande, akaziegemeza karibu na jiko la mkaa ili asubuhi nizikute kavu. Hakuna aliyemtuma.

Mikono ilianza kuwasha katikati ya kipupwe hicho hicho. Kwanza kati ya vidole, kisha mgongoni mwa mkono, vilengelenge vidogo vimejipanga kama punje za ulezi. Nilijikuna nikadhani ni wadudu. Duka la dawa waliniuzia mafuta ya fangasi, nikapaka, haikusaidia. Nikaosha kwa maji ya chumvi, ikawa kama nimeshika kaa la moto. Ngozi ikakauka, ikawa ngumu, ikapasuka kwenye viungo vya vidole, na kila nilipokunja ngumi damu ilichungulia.

Bosi aliitazama akakunja uso. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na huruma muda mrefu, akasema:

"Chuma kimekukataa, Mtanga. Sisi babu zetu walikuwa wakipika chuma kutoka kwenye udongo, matanuru yao bado yamesimama huko porini. Ninyi wakati huo mlikuwa mnakula nazi."

Nilicheka. Ila wiki iliyofuata mshono wangu wa geti la mteja ulitoka umepinda kama njia ya mbuzi, kwa sababu sikuweza kukishika kishikio cha mashine bila mkono kutetemeka. Bosi alilisaga lile kosa kwa grenda bila kunitania. Hilo liliniuma kuliko mzaha wowote. Fundi wa kuchomelea anaishi kwa mkono uliotulia. Nikiupoteza huo, nikiwa nimeshavuka arobaini, nitakuwa mlinzi wa geti ambalo zamani ningelitengeneza mwenyewe. Wazo hilo lilikaa nami mchana kutwa. Na kadiri mikono ilivyozidi kuharibika ndivyo nilivyozidi kuvaa glavu, ili isiumie na ili isionekane.

Mavuno yalipokwisha, bosi alinipeleka kijiji cha Mwazye. Kulikuwa na mashine ya kusaga iliyopasuka kitako, na milango ya ghala. Tulipakia jenereta na vifaa kwenye pikapu, akanishusha, akageuza.

Mwenye mashine alinipeleka kwanza kumsalimu mama yake, bibi mkongwe aliyeketi juu ya kigoda akipukuchua mahindi. Nilikuwa nimeshajifunza adabu ya Ufipa: unamwamkia mkubwa umechutama, huku ukipiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nene. Nikachutama, nikapiga. Nilikuwa na glavu. Sauti ikatoka puf, puf, puf.

Watoto waliokuwa uani wakaanguka kwa kicheko. Bibi hakucheka. Alisema kitu kwa Kifipa, mwanawe akaona haya kutafsiri.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anauliza kama unamsalimia yeye au unakung'uta mto."

Nikazivua upesi nikaziweka juu ya lundo la mahindi, nikapiga tena kwa mikono mitupu. Iliniuma mpaka machozi yakanilenga. Bibi aliacha kupukuchua, akaitazama mikono yangu kwa muda.

"Pole, baba," akasema kwa Kiswahili. Basi. Akayarudia mahindi yake.

Wakati huo mbwa wake alikuwa amekwisha kuondoka na glavu ya kulia. Tulimwona ng'ambo ya mtaro, ameilalia kwa miguu ya mbele, anaitafuna kwa furaha ya mtu aliyepata mfupa wa sikukuu. Mwenye mashine alimtupia kibonge cha udongo. Mbwa akakimbia, na glavu ikakimbia naye.

Mwazye hapakuwa na glavu za kununua, na ile ya kushoto peke yake haikunifaa. Mwenye mashine alinipa suruali yake kuukuu ya kaki, nikaichana vipande na kuvifunga mikononi. Vilitosha. Kazi ya mashine ilipokwisha watu walianza kuleta mikokoteni yao, kisha plau, kisha kitanda cha chuma cha maharusi, nami nikakaa huko kuliko tulivyopanga. Na mikono ikaanza kupona. Mipasuko ilifunga. Ngozi mpya ikatokea, laini, ya rangi ya waridi, kama ya mtoto. Asubuhi moja nilichomelea mhimili wa mkokoteni, mshono ukanyooka kiasi kwamba nilikaa nikautazama tu, mwenye mkokoteni akaniuliza kama kuna tatizo.

Nilimpigia simu dada kumpa habari njema. Hakufurahi.

"Ukiwa mbali na hiyo nyumba unapona."

"Nyumba gani?"

"Unayokaa. Ya huyo mama. Anazishika nguo zako?"

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikaziona glavu zimeegemezwa kando ya jiko, kila jioni, bila kutumwa na mtu.

Nilirudi Chanji na neno hilo tumboni. Bosi alinipokea kwa shangwe.

"Nimesikia mbwa wa Mwazye kakula mali yangu. Haya, shika." Alikuwa ameninunulia glavu mpya, ngozi yake bado inanuka duka.

Nilizivaa, na haikupita wiki mikono ikalipuka. Safari hii haikuanza kidogo kidogo. Iliwasha usiku na mchana, ikavimba, ikatoa maji, mpaka bosi mwenyewe akasema niache kazi kwanza nipumzike. Kwa fundi wa kulipwa kwa kazi, neno "pumzika" ni jina jingine la mlango wa kutokea.

Nikaanza kumchunguza mama mwenye nyumba. Jioni nilikaa karibu na dirisha nikamwona anaziokota glavu. Anazigeuza. Anazikung'uta. Anaziweka kando ya jiko, na midomo yake inacheza, inasema maneno nisiyoyasikia. Siku iliyofuata nikamwambia nimeshiba. Siku nyingine nikamwambia nimekula kazini, ingawa kazini sikuwa naenda. Alitenga sahani, nikaisogeza. Alinitazama, akaichukua, akafunika.

Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu nusu aliposimama mlangoni mwa chumba changu, ushungi begani.

"Kesho tunaenda hospitali. Katibu wa kwaya kasema amekuja daktari wa ngozi, yupo kwa siku chache."

"Mama, mimi nitakwenda mwenyewe."

"Na mikono hiyo utafungua mlango wa hospitali kwa meno? Tunaenda wote."

Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la hospitali bega kwa bega na mtu niliyedhani ananiua. Alikuwa amebeba chupa ya chai. Begi langu la kazi lilikuwa miguuni. Yeye ndiye aliyelichukua, akasema daktari huenda akataka kujua kazi yangu. Tulipoitwa, aliinuka nami bila kuuliza, na daktari akadhani ni mama yangu mzazi. Hakuna aliyemsahihisha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, mwepesi wa maswali. Aliitazama mikono yangu kwanza bila kugusa. Kisha akaniomba nikunje mikono ya shati. Ule ugonjwa ulipanda hadi chini kidogo ya kiwiko, na hapo ukakoma ghafla, kama maji yaliyokuta ukuta. Daktari akachukua kalamu akachora mstari pale ulipoishia.

"Kazi yako?"

"Nachomelea vyuma."

"Unavaa glavu?"

Mama mwenye nyumba akafungua begi akazitoa. Daktari akaniomba nivae ile ya kushoto, polepole. Nikavaa. Upindo wa glavu ukakaa juu ya mstari wa kalamu kabisa, kama vile mstari ule ulichorwa na fundi cherehani aliyekuwa akinipima.

Daktari akazichukua zote mbili.

"Nani huzikausha hizi?" daktari aliuliza, akizibonyeza.

"Mimi," alisema mama. "Kila jioni. Kando ya jiko. Nimeharibu?"

"Hapana, hujaharibu, mama. Jiko halina kosa."

Akaniuliza kama ilishawahi kupona. Nikamweleza habari za Mwazye, za mbwa, za suruali ya kaki. Alitabasamu aliposikia habari za mbwa. Kisha akaniambia nivue mabuti. Juu ya miguu palikuwa na vilengelenge vile vile, ambavyo nilikuwa nimevisahau kwa sababu miguu haishiki mashine.

"Na miguu, ilipona Mwazye?"

Nikafikiri. "Haikupona."

"Mabuti haya uliyavaa huko?"

"Kila siku. Bila soksi."

Sikuhitaji aendelee, ingawa aliendelea. Mchawi wa Chanji angeponya mikono Mwazye akaiacha miguu ya nini? Kitu kilichoniumiza kilikuwa kimenifuata kijijini miguuni, na mikononi kilikuwa kimeondoka mdomoni mwa mbwa.

Daktari alieleza taratibu. Ngozi nyingi za glavu na mabuti hulainishwa kiwandani kwa dawa yenye kromu, ambayo ni aina ya metali. Ngozi ikilowa jasho, ile kromu hutoka ikaingia mwilini mwa mvaaji. Wengi hawadhuriki. Wengine mwili hukubali, hukubali, kisha siku moja unasema basi. Huo ndio mzio.

"Umewahi kuchomelea stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu?"

Nilikuwa nimeichomelea Dar es Salaam, ngazi za maghorofa, miezi na miezi, moshi wake ukinipanda usoni, mikono mitupu. Nikakumbuka kwamba hata wakati ule shingo na viganja vilikuwa vikiwasha nikadhani ni joto.

"Stenlesi nayo ina kromu," alisema. "Huenda mwili wako ulianza kuchoka huko. Huku glavu zimemalizia tu. Kipimo cha kubandika mgongoni kuhakikisha hatuna hapa, kiko hospitali kubwa za mbali. Lakini acha ngozi, acha stenlesi, paka dawa nitakayokupa, tuone."

"Inaambukiza?" nikauliza.

"Hata kidogo."

Nilibakiwa na swali moja na niliogopa kuliuliza. Mama aliliuliza kwa niaba yangu.

"Ataendelea na kazi yake?"

"Chuma cha kawaida, ndiyo. Atafute glavu za kitambaa kizito. Ngozi yake itapona." Kisha akanigeukia mimi. "Ila mwili hautasahau. Ukizirudia hizi hata baada ya miaka, utakukumbusha."

Nilisema asante. Niliinamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba za mabuti, na kamba zenyewe sikuziona vizuri.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa limetoka na upepo umetulia. Tulipofika karibu na soko mama akasema, bila kunitazama:

"Kwa hiyo ulifikiri ni mimi."

"Sikusema hivyo, mama."

"Hukusema. Ulisogeza sahani."

Nikalihamishia begi bega jingine.

"Msijali sana," akasema. Alisema "msijali" kwa wingi, kama vile niko na kijiji changu kizima nyuma yangu. "Tumezoea. Mwanangu akiwa jeshini wenzake walikuwa hawamgusi kofia. Ningekuwa na uwezo huo wa kuroga mnaousema, ningekuwa bado nakanyaga cherehani?"

"Lakini midomo, mama. Nilikuona unasema maneno."

Alisimama katikati ya njia. "Kwaya! Nina sauti ya pili, na ya pili ni ngumu!" Akacheka mpaka akashika ubao wa duka la mtu, na muuza nyanya akacheka naye bila kujua sababu. Ndipo nami nikacheka. Nafuu niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Haikuwa ya mikono tu. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeishi katika mji ambao mtu fulani ananichukia, na sasa hapakuwa na mtu. Kisa chote kilikuwa kwenye glavu. Glavu nilikuwa nimezishuku kwa haki, ila mtu nilikuwa nimemshuku bure.

Jioni ile nilikula sahani mbili. Kisha nikampigia dada.

"Dada, sikurogwa. Ni ngozi ya ng'ombe."

Akauliza:

"Ng'ombe wa nani?"

Mama mwenye nyumba alinishonea glavu mwenyewe. Alichukua koti la jinzi lililochakaa la mwanawe, akakata, akalikunja mara tatu, akashona kwa uzi wa kushonea magunia. Alinikabidhi kwa fahari. Nilizivaa nikagundua zote mbili ni za mkono wa kulia. Alizitazama, akanitazama, akasema sare za shule hazina vidole, nisimlaumu. Jozi ya pili ilikaa sawa. Zilikuwa ngumu kama mbao, na cheche zilizitoboa vijitundu, lakini zilihimili, na zikiungua aliziwekea kiraka.

Majuma ya mwanzo niliamka kila asubuhi nikaitazama mikono kabla sijaitazama dunia. Vilengelenge vilinywea. Vipele vikaanguka magamba. Nilivaa soksi nene na viatu vya raba, miguu nayo ikatulia. Siku moja bosi aliniita haraka nimsaidie kushika bomba la moto, nikanyakua glavu zake za ngozi bila kufikiri, nikazivaa kwa muda mfupi tu. Kesho yake vidole viliwasha. Nilifurahi! Nilimwonyesha bosi vile vilengelenge kama mtu anayeonyesha picha za arusi. Sasa nilikuwa na hakika.

"Yule mbwa ndiye aliyekuwa daktari wako wa kwanza," bosi alisema. "Ulimlipa?"

Kazi za stenlesi alizichukua yeye, akinung'unika. Alipopata kazi ya meza za jikoni za hoteli, alizichomelea nje upeponi, kitambaa puani, maana habari za moshi zilikuwa zimemwingia pia, ingawa hakukubali kamwe kwamba ameogopa. "Chuma kinatupenda sisi," alisema, na akarudi nyuma hatua moja.

Nilikaa Ufipa misimu mingine kadhaa ya mavuno. Nilirudi Mwazye na Mwimbi kutengeneza mikokoteni, na kila nilipofika kwa bibi nilichutama nikampigia makofi yenye sauti, na mbwa wake alinusa mikono yangu kwa matumaini. Nilijifunza kuvaa koti. Niliipenda ile asubuhi ya kipupwe moshi unapolala chini juu ya mabati ya Chanji, na hata sasa, nikiwa mahali pengine kabisa ambako glavu hulowa jasho saa mbili asubuhi, huikumbuka.

Lakini mimi ni mtu wa kuondoka. Dada alikuwa amepata nyumba yenye madirisha yasiyo na nondo, na aliamini hakuna fundi Korogwe mwenye uaminifu. Niliwaza pia kwamba ningekuwa nimekwisha kuondoka zamani, kwa kukimbia, nguo nimezikunja nusu. Nilifurahi kwamba sasa naweza kuondoka bila kukimbia.

Asubuhi ya safari mama alinisindikiza stendi. Bosi alikuja pia, akiwa na ile jozi mpya ya glavu za ngozi ambayo sikuivaa tena.

"Chukua, ukampe adui yako."

"Sina adui huku."

"Basi zipeleke Korogwe, huko ndiko mnakotoka wachawi."

Mama alifungua mfuko akatoa glavu za jinzi, mpya, za buluu iliyoiva. "Nimezikagua. Moja ya kulia, moja ya kushoto." Akanikabidhi, kisha akasimama, mikono ameifumbata, kama mtu aliyemaliza.

Mimi sikuwa nimemaliza. Katikati ya stendi, wapiga debe wakipiga kelele na injini ikinguruma, nilichutama mbele yake nikampigia makofi, taratibu, viganja vimekunjwa, kama nilivyofundishwa. Sauti ilitoka nene. Nilipiga kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, mpaka konda akaniita mara mbili. Mama aliitikia kwa makofi yake, na bosi akalibeba begi langu hadi mlangoni mwa basi.

Basi lilipotoka mjini niliviangalia viganja vyangu. Vilikuwa vyekundu na vinawasha. Moyo ukaruka, kwa mazoea. Nikaviweka magotini nikavisubiri, nje nyasi zikilala upande mmoja. Tulipofika Laela vilikuwa vimerudi katika rangi yake. Yalikuwa ni makofi tu.